Nyota Tano na Yale Wanunuzi Wasiyoyasema

Lenzi ya kamera iliyotumika ni kitu kigumu kumuuzia mtu asiyekujua. Picha haionyeshi kuvu iliyoanza kuota kati ya vioo, wala mafuta yaliyopanda kwenye vibati vya kupitisha mwanga, wala pete ya kulenga inayokwamakwama ukiizungusha. Mnunuzi aliye mbali hawezi kuishika kabla hajalipa. Alichonacho ni maneno ya muuzaji na nyota zilizoachwa na waliomtangulia. Nimeuza lenzi kwenye masoko ya mtandaoni kwa miaka mingi, na nimenunua humo humo, kwa hiyo nyota nimezitegemea nikiwa pande zote mbili. Nazithamini. Ndiyo sababu naumia ninapoziona zikisema jambo tofauti na lile wanunuzi wenyewe wanalolijua.

Mwaka 1970 mchumi George Akerlof alilieleza tatizo hili kwa mfano wa magari yaliyotumika. Muuzaji anajua hali ya gari, mnunuzi hajui. Basi mnunuzi anashusha bei kwa sababu ya wasiwasi, na mwenye gari zima anaona heri abaki nalo. Mwishowe sokoni yanabaki mabovu. Masoko ya mtandaoni yangeweza kufia hapo hapo. Pierre Omidyar, aliyeanzisha mwaka 1995 mnada uliokuja kuitwa eBay, alitafuta njia ya kulizuia: Februari 1996 aliwafungulia watumiaji sehemu ya kuandikiana maoni hadharani, sifa ikihesabiwa moja juu, lawama moja chini, na maoni ya katikati sifuri. Aliamini kwamba watu wengi ni waaminifu, na kwamba wachache wasio waaminifu watajulikana wakisemwa waziwazi.

Na sifa ile ilikuwa na thamani ya fedha kweli. Paul Resnick na wenzake walifanya jaribio ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2006: muuzaji mwenye sifa ya miaka mingi aliuza postikadi za kale kwa jina lake linalojulikana, na nyingine za aina hiyo hiyo kwa majina mapya yasiyo na historia. Wanunuzi walikuwa tayari kulipa takriban asilimia 8 zaidi kwa jina la zamani. Sikushangaa. Mimi mwenyewe nimelipa zaidi kwa jina ninaloliamini, nikijua kwamba lenzi ile ile ipo kwingine kwa bei ya chini.

Tatizo lilianza pale watu wawili walioandikiana maoni walipogundua kwamba wanashikana shati. Nikikulaumu, utanilaumu. Resnick na Richard Zeckhauser walipochambua rekodi za eBay za mwaka 1999, walikuta kwamba karibu nusu ya wanunuzi hawakuandika chochote, na kati ya walioandika, zaidi ya asilimia 99 walisifu. Hakuna soko duniani ambalo watu wanaridhika kiasi hicho. Kilichokuwa kikipimwa pale, pamoja na ubora wa bidhaa, ni adabu na woga.

Nimeuona woga huo kwa karibu. Niliwahi kununua lenzi ambayo pete yake ililegea kuliko maelezo yalivyosema. Kabla sijafungua mdomo, muuzaji aliniandikia: "Ndugu, ukiniwekea tano nami nakuwekea tano sasa hivi." Hakuniuliza kama lenzi imefika salama. Mara nyingine, nikiwa ndiye muuzaji, mnunuzi aliniandikia faraghani kwamba kifuniko cha nyuma kilifika kimepasuka. Nikamtumia kingine, na tayari alikuwa ameshaweka nyota tano na maneno matamu. Nilimshukuru, lakini maneno yake yalinikaa. Aliyekuja kusoma ukurasa wangu baada yake hakupata kujua kwamba ufungaji wangu wa wakati ule haukuhimili safari ndefu. Habari yenye manufaa kuliko zote ilibaki kwenye ujumbe wa watu wawili.

Jambo hili limechukua sehemu kubwa ya fikra zangu kuliko maoni ya uongo ambayo kila mtu huyalalamikia. Maoni ya uongo ni wizi, na wizi una dawa zake. Ukimya wa mnunuzi mstaarabu hauna wa kumkamata.

Chris Nosko na Steven Tadelis, wachumi waliofanya kazi na takwimu za ndani za eBay, waliushika ukimya huo wakaupima. Walikuta kwamba angalau nusu ya wauzaji walikuwa na asilimia 100 ya sifa, yaani kipimo kile hakiwezi tena kumtofautisha muuzaji bora na wa kawaida. Basi wakabadilisha hesabu. Badala ya kugawanya sifa kwa idadi ya maoni, waligawanya sifa kwa idadi ya mauzo yote, pamoja na yale ambayo mnunuzi hakusema neno. Kipimo hicho kilieleza vizuri zaidi nani ataacha wateja wenye furaha. Na waliona jambo ambalo kila muuzaji makini hulihisi: mnunuzi aliyeumizwa na muuzaji mmoja mara nyingi halalamiki. Anaondoka, wala hamwachi muuzaji yule peke yake, bali na wauzaji wengine wa soko lile. Anawahama wote pamoja.

Niliposoma hesabu hiyo nilizipitia rekodi zangu kwa jicho jipya. Lenzi nilizoziuza kwa maelezo marefu, zenye picha za kila mkwaruzo, ziliniletea maoni kutoka kwa wengi. Zile za bei ya chini, ambazo maelezo yake yalikuwa mafupi, ziliuzwa kimya kimya na kubaki kimya. Wastani wangu ulikuwa ule ule kwa aina zote mbili. Tofauti yote ilikuwa kwenye wale ambao hawakuandika.

Sasa niseme juu ya nyota nne. Mnunuzi mmoja, mpiga picha wa ndege wa porini, aliniandikia maoni mazuri kuliko yote niliyowahi kupata. Alieleza jinsi lenzi inavyolenga kwenye mwanga hafifu, wapi inachelewa, na rangi inazotoa jua likiwa limeinama. Akaweka nyota nne. Nilipomshukuru alinijibu kwa unyoofu kabisa: "Nne kwangu ni nzuri sana. Tano naiweka kwa kitu ambacho hakina kasoro yoyote." Alikuwa ametumia kipimo kama kilivyoandikwa. Lakini soko lile lilihesabu chochote chini ya tano kuwa dosari ya muuzaji, na wiki hiyo nilipokea onyo la mashine kwamba wastani wangu unashuka. Mtu aliyetoa ushahidi bora kuliko wote alinidhuru, na yule aliyeandika "Safi" akaweka tano alinisaidia.

Hali hii haiko kwenye lenzi pekee. Watafiti Georgios Zervas, Davide Proserpio na John Byers walipochunguza Airbnb, mtandao ambako wenye nyumba huwakodishia wageni makazi ya muda, kwenye utafiti wa mwaka 2015, walikuta kwamba karibu asilimia 95 ya makazi yalikuwa na wastani wa nyota nne na nusu au tano. Kipimo chenye ngazi tano kimebaki na ngazi moja na kipande. Mgeni anayetaka kuchagua analinganisha 4.7 na 4.8 kana kwamba tofauti hiyo ina maana kubwa, ilhali pengine imeletwa na mtu mmoja mwenye mizani kali kama yule mpiga picha wangu.

Halafu kuna mzigo wanaobebeshwa wasiohusika. Nimewahi kupewa nyota moja kwa maneno haya: "Lenzi nzuri mno, imezidi maelezo. Kifurushi kimekaa forodhani hadi nikakata tamaa." Mwandishi hakudanganya. Alikuwa na hasira ya haki na mahali pamoja tu pa kuiweka. Mwaka 2007 eBay iliongeza vipimo vinne tofauti: usahihi wa maelezo, mawasiliano, muda wa kutuma, na gharama za kutuma. Hiyo ilikuwa hatua ya maana, na nasikitika kwamba masoko mengi yaliyokuja baadaye yamerudi kwenye nyota tupu. Mtu anayetaka kujua kama vioo ni safi hana haja ya kujua kwanza kama afisa wa forodha alikuwa likizo.

Mwaka uliofuata, 2008, eBay iliwaondolea wauzaji uwezo wa kuwawekea wanunuzi maoni mabaya au ya katikati. Lengo lilikuwa kukomesha kisasi, na naliunga mkono lengo hilo. Lakini uzito ulihamia upande wa pili. Siku hizi kuna mnunuzi anayeijua nguvu yake. Mmoja aliniandikia kabla hata ya kulitaja tatizo: "Nirudishie nusu ya bei, nisije nikalazimika kuandika." Nilimwomba picha za kasoro, hakuwa nazo. Nilimwambia airudishe lenzi nami nitamrudishia fedha zote pamoja na gharama ya kutuma, akakataa. Nyota moja ikaja, na aya nzima ya shutuma.

Nilijibu hadharani kwa sentensi tatu: tarehe aliyopokea, nilichompa, alichokataa. Sikuweka neno la hasira. Wanunuzi waliokuja baadaye, kadhaa wao, waliniambia kwamba jibu lile ndilo lililowafanya waagize kwangu. Tangu hapo, ninapompima muuzaji, naanza na majibu yake kwa walalamikaji. Mtu anayemtukana mteja hadharani atanitukana na mimi. Anayenakili jibu lile lile la shukrani chini ya kila lalamiko hasomi. Anayetaja kitu mahususi na hatua aliyochukua, huyo nampa fedha yangu.

Njia bora niliyoiona ya kutatua kisasi ni ile ambayo Airbnb ilianza kuitumia mwaka 2014: mgeni na mwenyeji wanaandika kila mmoja kwa upande wake, na maoni hayaonekani mpaka wote wawili wameandika au siku 14 zimekwisha. Hakuna anayeweza kusubiri aone ameandikwa nini ndipo alipize. Woga hauishi kabisa, maana mwenyeji bado anakumbuka sura ya mgeni, lakini ule mchezo wa "weka nami niweke" unakosa nguvu. Sioni kwa nini masoko ya bidhaa hayakuufuata utaratibu huo.

Upo upande mwingine wa hesabu unaowaumiza wauzaji wapya. Binti mmoja wa rafiki yangu alianza kuuza kamera za filamu alizozitengeneza mwenyewe. Kazi yake ni nzuri kuliko yangu. Alikuwa na maoni matatu, yote ya kusifu, yaani asilimia 100, na kwa wiki nyingi hakuna aliyenunua. Aliniuliza kosa lake ni nini. Hakuwa na kosa. Mwaka 1927 mwanatakwimu Edwin Wilson alitoa njia ya kukadiria kiwango cha chini tunachoweza kukitegemea tukiwa na ushahidi mchache, na wapo wanaoitumia kupanga bidhaa mtandaoni. Kwa njia hiyo, sifa 3 kati ya 3 zinatuhakikishia kama asilimia 44 tu, wakati sifa 196 kati ya 200 zinatuhakikishia karibu asilimia 95. Mnunuzi hajui jina la Wilson, ila tumboni anapiga hesabu hiyo hiyo: mwenye dosari nne kati ya mia mbili anaaminika kuliko asiye na dosari aliyefanya biashara mara tatu.

Hesabu ni sahihi, na bado ni ukatili kwa anayeanza. Ndipo mlango wa maoni ya kununuliwa unapofunguka. Binti yule alianza kupokea ujumbe kutoka kwa watu asiowajua: tutanunua kamera zako, tutaweka nyota tano, utaturudishia fedha na kidogo cha juu. Mimi pia hupokea ujumbe kama huo. Biashara hiyo imechunguzwa: Sherry He, Brett Hollenbeck na Davide Proserpio, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2022, walifuatilia vikundi vya Facebook ambako wauzaji wa Amazon walikuwa wakitafuta watu wa kununua bidhaa, kuisifu, kisha kurudishiwa fedha. Nyota na mauzo vilipanda. Mara wauzaji walipoacha kununua maoni, wastani ulishuka, na nyota moja moja zikaongezeka kutoka kwa wanunuzi wa kweli waliodanganywa. Nilimwonyesha binti matokeo hayo, naye hakuhitaji kushawishiwa. Heshima ya kazi yake ilikuwa imeshamkataza. Kilichomsaidia ni kwamba aliweka picha za kila kamera ikiwa imefunguliwa, na filamu aliyoipiga kwa kamera ile ile anayoiuza. Mnunuzi hakulazimika tena kuegemea nyota peke yake.

Serikali zimeanza kuamka. Marekani, kanuni ya Tume ya Biashara ya Shirikisho inayopiga marufuku kuuza na kununua maoni ya uongo ilianza kutumika Oktoba 2024. Uingereza ilifuata Aprili 2025, kwa sheria iliyopitishwa mwaka uliotangulia. Nafurahi. Hata hivyo sheria hizo zinamshughulikia anayesema uongo. Hazimfikii anayeujua ukweli akanyamaza.

Watu huniuliza nasomaje ukurasa wa bidhaa siku hizi. Nyota tano nazipita upesi, na nyota moja nazisoma nikitafuta jambo linalojirudia kwa watu wasiofahamiana. Ninakokaa muda mrefu ni kwenye nyota tatu. Mtu wa nyota tatu mara nyingi hana hasira wala hana deni kwa muuzaji, amepata kitu cha kupenda na kitu cha kuchukia, na anaweza kuvitaja vyote viwili. Naangalia tarehe pia: sifa nyingi zilizomiminika siku chache, kisha kimya kirefu, zinanipa shaka. Na naangalia kama maoni yanahusu bidhaa hii kweli. Nimewahi kukuta lenzi yenye sifa mamia, nilipozisoma nikaona watu wanasifu begi. Muuzaji alikuwa amechukua ukurasa wa bidhaa ya zamani, akabadilisha picha na jina, akabaki na nyota zake. Anayeangalia namba tu hawezi kuugundua ujanja huo.

Maoni ninayoyaamini kuliko yote ni ya mtu aliyerudi baada ya miezi. Lenzi inapofika kila mtu anafurahi. Kuvu, kulegea kwa pete, mota inayoanza kulia, hayo yote huja baadaye, na wakati huo soko limeshaacha kumuuliza mnunuzi. Ombi la kuweka nyota hutumwa siku chache baada ya kifurushi kufika, wakati ambapo mtu anajua tu kwamba kifurushi kimefika.

Kwa upande wangu, nimeacha kuwaomba wateja nyota. Kila lenzi naituma na karatasi ndogo yenye swali moja: umeona nini ambacho sikukiandika kwenye maelezo? Majibu yanakuja faraghani, na kila jibu lenye kasoro ya kweli naliandika mimi mwenyewe kwenye maelezo ya lenzi nyingine ya aina hiyo ninapoiuza. Mengine niliyoyapata kwa njia hiyo ni kwamba aina moja ya lenzi niliyokuwa nikiiuza mara kwa mara hukwama kwenye baridi kali, jambo ambalo hakuna hata mmoja aliyelitaja hadharani, pamoja na nyota zote zile.

Masoko yana habari ambayo mimi sina. Yanajua bidhaa ngapi za kila muuzaji zilirudishwa, wangapi walinunua wasiseme neno, wangapi walirudi kununua tena kwa muuzaji huyo huyo. Hizi ndizo namba zinazoeleza matendo ya watu, na hazihitaji mtu awe jasiri ndipo apate kusikika. Nimeliandikia soko ninalouzia nikiomba namba hizo tatu ziwekwe chini ya nyota za kila muuzaji, zangu zikiwa za kwanza. Walinijibu kwamba ni takwimu za ndani. Niliwaandikia tena, nikaambatanisha rekodi zangu zote za mauzo na za lenzi zilizorudishwa, na rekodi hizo nimeziweka pia kwenye ukurasa wangu, ambako kila mnunuzi anaweza kuzisoma kabla ya kulipa.